Miaka bilioni tatu ya bakteria: mbona wanyama walichelewa hivo?

Kuna kijana kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Mnatufundisha kwamba dunia ina miaka bilioni 4 na nusu na uhai ulianza mapema sana. Sasa mbona wanyama wametokea juzijuzi tu, miaka milioni 500 na ushee iliyopita? Hiyo miaka mingine yote viumbe walikuwa wanafanya nini? Alafu kama bakteria ndo walitangulia, mbona mpaka leo ni bakteria tu, wenyewe hawakuendelea?"

Marahaba mwanangu. Nimelipenda sana swali lako, na nataka ujue sio swali la kitoto, manake Charles Darwin mwenyewe lilimnyima raha. Mwaka 1859 alikiri kwa maandishi kwamba hana jibu la kuridhisha kwa nini chini ya matabaka ya Kambriani, yaani pale visukuku vya wanyama (mabaki yaliyogeuka mawe) vinapoanza kujaa, miamba inaonekana mitupu. Yeye hakuwa na vifaa vya kuisoma hiyo miamba ya chini. Sisi tunavyo, kwa hiyo ngoja nikujibu kwa kirefu, uwe na subira kidogo.

Jibu lenyewe ni kwamba hawakukaa bure hata kidogo, walikuwa wanatengeneza hewa. Mnyama ni kiumbe wa gharama, anatumia oksijeni nyingi kila dakika ya maisha yake, na dunia ya mwanzo ilikuwa na naitrojeni na hewa ukaa na gesi nyingine lakini oksijeni huru hewani ni kama hakuna. Ilibidi mtu aitengeneze. Na aliyeitengeneza ni hao hao bakteria unaowauliza, na kila walipoitoa ilikuwa inanyang'anywa na chuma na gesi za volkano, ndo maana kazi ilichukua mda mrefu kiasi hicho.

Kwanza niseme kidogo kuhusu umri, kwa sababu najua watu wengi wanadhani hizi bilioni tunazitoa kichwani. Kuna chembe moja ya madini inaitwa zirkoni, ndogo kama mchanga, ngumu ajabu. Inapoganda kutoka kwenye mwamba ulioyeyuka inakubali urani kuingia ndani yake ila risasi (hii madini, sio ya bunduki) inaikataa karibu yote. Kwa hiyo ukiipasua leo ukakuta risasi ndani, karibu yote imezaliwa humo humo, ni urani iliyooza, yaani iliyojigeuza taratibu kuwa risasi. Na kasi ya kuoza tunaijua: urani 238 inafika nusu yake kila baada ya miaka bilioni 4.47, na urani 235 inafika nusu yake kila miaka milioni 704. Yaani chembe moja ina saa mbili zinazotembea kwa kasi tofauti, zikikubaliana unajua hujadanganywa. Zirkoni za Jack Hills, Australia Magharibi, zimetoa mpaka miaka bilioni 4.4. Umri wa dunia yenyewe tuliupata kwa vimondo, kwa sababu miamba ya kwanza kabisa ya dunia imeshayeyushwa na kufinyangwa upya, lakini vimondo vilitokana na vumbi lile lile la mwanzo na vimebaki vilevile. Clair Patterson alipima risasi kwenye vimondo na mwaka 1956 akatoa jibu, bilioni 4.55, na mpaka leo namba hiyo imesogea kidogo sana.

Sasa uhai. Ushahidi ninaouamini upo Pilbara, huko huko Australia Magharibi, kwenye miamba ya miaka kama bilioni 3.48. Kuna vitu vinaitwa stromatolaiti. Ni mawe yenye matabaka membamba yaliyopinda kama vichuguu vidogo, na yalijengwa na utando wa vijidudu: utando unanata, mchanga mwembamba unatua juu yake, vijidudu vinapanda juu kufuata mwanga, mchanga unatua tena, vinapanda tena, miaka na miaka. Hatuongei nadharia tupu hapa, maana stromatolaiti hai zipo mpaka leo kwenye ghuba ya Shark Bay, na zimesalimika pale kwa sababu maji yana chumvi nyingi kiasi kwamba konokono na wadudu wengine wa kuzitafuna wengi hawawezi kukaa. Zamani hakukuwa na wa kuzitafuna popote, ndo maana zilitapakaa kwenye bahari za kina kifupi karibu dunia nzima.

Ukiugawa umri wa dunia mafungu 8 yaliyo sawa, wanyama wanaingia kwenye fungu la 8 tu. Mafungu yanayotangulia karibu yote ni ya viumbe ambao huwezi kuwaona bila darubini.

Katikati ya hapo ndo kuna tukio ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote yaliyowahi kutokea kwa uhai, kubwa kuliko dinosaria kufa, kubwa kuliko samaki kutoka majini. Bakteria wa awali waliotumia mwanga wa jua walihitaji malighafi kama haidrojeni salfaidi au chuma kilichoyeyuka, vitu ambavyo havipo kila mahali. Ukoo mmoja, sayanobakteria, ukajifunza kuvunja maji. Maji! Kitu kilichojaa kila kona. Mwanga unapiga, molekuli ya maji inapasuka, haidrojeni inachukuliwa kutengeneza chakula, na oksijeni inatupwa nje kama takataka. Hiyo takataka ndo unayoivuta sasa hivi unaposoma.

Lakini haikufika hewani haraka, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndo roho ya swali lako. Bahari za wakati ule zilikuwa na chuma kilichoyeyuka ndani ya maji. Leo haiwezekani, tia msumari kwenye maji yenye hewa utaona unapata kutu, na kutu haiyeyuki, inatuama chini. Bila oksijeni chuma kinaogelea kwenye maji kama chumvi tu. Sasa sayanobakteria wakianza kutoa oksijeni, inakutana na chuma, inakuwa kutu, inazama. Inatolewa tena, inakutana na chuma kingine kinachopanda kutoka kwenye chemchemi moto za chini ya bahari, inazama. Na kuna bakteria wengine waliokuwa wanakitia kutu chuma hicho wenyewe moja kwa moja kwa mwanga, bila oksijeni, nao wakaongeza. Matokeo yake ni miamba yenye mistari, mstari mwekundu wa chuma, mstari wa silika (madini ya mchanga), mwekundu tena, silika tena, unene wa mamia ya mita. Milima ya Hamersley, huko huko Australia Magharibi, imejaa miamba hiyo, yenye miaka kama bilioni 2.5. Sehemu kubwa ya chuma kinachochimbwa duniani leo kinatoka kwenye miamba ya aina hii, kwa hiyo kisu, nondo, reli, injini, kuna uwezekano mkubwa chuma chake kilishawahi kuwa kimeyeyuka baharini na kikatolewa humo na kazi ya vijidudu. Mimi nimeisoma hii habari miaka mingi na bado kila nikishika jiwe lenye ile mistari moyo unanidunda.

Utaniuliza tunajuaje kwamba hewani hakukuwa na oksijeni wakati huo, hakuna aliyekuwepo. Angalia kokoto za mito ya kale kwenye miamba ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ambayo ina zaidi ya miaka bilioni 2.7. Ndani yake kuna punje za pairaiti na za uraninaiti, zimeviringika kabisa kama kokoto yoyote iliyosombwa na mto. Madini hayo leo ukiyaweka mtoni yakasafiri umbali mrefu yanaharibika kabla hayajafika, oksijeni inayala. Wakati ule yalisafiri yakafika salama. Baadae, kuanzia kama miaka bilioni 2.3 iliyopita, punje za namna hiyo zinapotea kwenye mito na badala yake unaanza kuona mchanga mwekundu wa nchi kavu, mwekundu wa kutu. Na kuna ushahidi mwingine wa salfa ambao James Farquhar na wenzake waliutoa mwaka 2000, kwamba salfa ya miamba ya kale ina alama ya kipekee inayotengenezwa hewani pale mwanga mkali wa jua unapopiga gesi bila kizuizi cha ozoni, na ozoni haiwezi kuwepo bila oksijeni. Alama hiyo inaonekana mpaka kama bilioni 2.4 iliyopita, inafifia, inakatika, na haijarudi tena. Mito inasema hivo na salfa inasema hivo hivo, kwa mbinu mbili zisizohusiana kabisa, ndo maana nasema kwa uhakika.

Oksijeni ilipopata nafasi hewani haikuleta raha. Kwa vijidudu vingi vya wakati ule ilikuwa sumu, walioshindwa walikufa au walikimbilia kwenye matope na vina visivyofikiwa na hewa. Na inaelekea iliila methani, gesi iliyokuwa inaisaidia dunia kukaa na joto wakati jua lenyewe lilikuwa bado hafifu kuliko leo, na dunia ikaingia kwenye barafu kali ambayo mabaki yake tunayaona kwenye miamba ya Huron, Kanada.

Baada ya hapo kuna kipindi kirefu, kuanzia kama bilioni 1.8 mpaka milioni 800 iliyopita, ambacho baadhi ya wataalamu wamekiita bilioni ya kuchosha kwa sababu kemia ya bahari haikubadilika sana. Mimi hilo jina silipendi. Oksijeni ilikuwepo ila kidogo sana ukilinganisha na hii asilimia 21 ya leo, na vina vya bahari vilikuwa bado havina. Lakini katika kipindi hicho na kabla yake kidogo ndo ilitokea ndoa ambayo bila hiyo mimi na wewe tusingekuwepo. Seli moja ilimmeza bakteria anayejua kutumia oksijeni, na badala ya kumyeyusha wakaishi pamoja. Huyo bakteria ndo mitokondria, ipo kwenye karibu kila seli ya mwili wako. Lynn Margulis aliisimamia hoja hii kwenye makala yake ya mwaka 1967, baada ya majarida mengi kuikataa, na leo hakuna anayebisha kwa sababu mitokondria ina DNA yake yenyewe inayofanana na ya bakteria, inagawanyika yenyewe, ina ngozi mbili, na viwanda vyake vya protini ni vya kibakteria. Na faida ilikuwa kubwa mno: ukiivunja glukosi moja bila oksijeni unapata ATP 2, ambazo ndo kama chaji ya seli, lakini ukiichoma kwa oksijeni unapata kama 30. Chakula ni kile kile, nguvu mara 15. Visukuku vya seli hizi kubwa zenye kiini vinaanza kuonekana kwenye miamba ya miaka kama bilioni 1.65, na kwenye miamba ya miaka bilioni 1.05 huko kaskazini mwa Kanada tayari kuna mwani mwekundu, Bangiomofa, wenye seli nyingi na dalili za kuzaliana kwa jinsia mbili. Sasa hapo panachosha nini?

Kwa nini basi mnyama hasa ndo asubiri? Oksijeni ikipenya mwilini yenyewe, bila moyo wala mishipa, inafika kama milimita moja hivi ndani, kwa hiyo hewa ikiwa hafifu unalazimika kuwa mdogo au mwembamba kama karatasi. Kolajeni, ile protini inayotushikilia tusimomonyoke, haitengenezeki bila oksijeni. Na kuwinda, kukimbia, kutafuna, yote ni matumizi makubwa. Kwenye maji yenye oksijeni kidogo leo hii ukienda kuangalia utakuta minyoo midogo michache, wawindaji ndo wa kwanza kupotea.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kuamini hata kwa wataalamu. Kuanzia miaka milioni 717 iliyopita dunia iliganda karibu yote, barafu ikafika mpaka karibu na ikweta, ikakaa hivo mamilioni ya miaka mpaka milioni 660, ikaachia, ikarudi tena, ikaisha kabisa milioni 635. Joseph Kirschvink ndo alilipa jina la dunia ya mpira wa theluji mwaka 1992, na mwaka 1998 Paul Hoffman na wenzake wakaleta ushahidi mzito kutoka Namibia: mawe yaliyodondoshwa na barafu inayoelea, na juu yake moja kwa moja chokaa, mwamba wa bahari ya joto, hakuna hatua ya katikati. Barafu iliishaje? Volkano haziachi kutoa hewa ukaa hata juu kukiwa kumeganda, na kwa kuwa mvua ilikuwa haba na miamba imefunikwa hakuna kilichokuwa kinaiondoa, ikajikusanya mpaka joto likavunja barafu lote. Alafu mvua na barafu iliyosaga milima vikamwaga fosfati baharini, ambayo ni mbolea. Mabaki ya mafuta kwenye miamba yanaonyesha kwamba hapo hapo katikati ya zile barafu mbili, mwani wenye kiini uliongezeka ghafla baharini baada ya bakteria kutawala mda wote huo. Mwani ni mkubwa, unazama, ni chakula kizuri kwa mwenye kutaka kula.

Na walaji waliokuja ndo wanyama. Kuanzia kama milioni 575 iliyopita tunaona viumbe wa Ediakara, wamepewa jina la vilima vya Australia ambako Reginald Sprigg aliwaona mwaka 1946. Wengine wanafanana na majani, wengine na mikeka. Watu walibishana miaka mingi kama Dickinsonia ni mnyama, kuvu au nini, mpaka mwaka 2018 watafiti walipokuta kwenye visukuku vyake vya miaka milioni 558, kutoka Bahari Nyeupe ya Urusi, mabaki ya kolesteroli. Kolesteroli ni alama ya mnyama, kwa hiyo ubishi mkubwa ukaisha. Mafuta yamekaa kwenye jiwe miaka milioni 558, hebu fikiria.

Ndipo ikaja Kambriani, miaka milioni 538.8 iliyopita, na ndani ya miaka kama milioni 20 tunaona macho, miguu, magamba, taya za kukwangulia, karibu makundi yote makubwa ya wanyama. Nenda kwenye visukuku vya Chengjiang, China, vyenye miaka milioni 518, au vya Burgess Shale, Kanada, milioni 508, ambavyo Charles Walcott alivigundua 1909, utaona mpaka utumbo umehifadhiwa. Wanaita mlipuko lakini jina hilo linapotosha kidogo, milioni 20 sio dakika moja, na sehemu ya huo ughafla inatokana na kwamba ndo wakati wanyama walianza kuwa na magamba magumu, na kigumu ndo kinachobaki kwenye mwamba, kilaini kinaoza. Makadirio ya jeni yanasema mizizi ya wanyama inarudi nyuma zaidi, kabla ya Ediakara. Kwa hiyo walichelewa, ndio, ila sio kwa kiasi Darwin alichoogopa.

Nikuambie ukweli pia kwamba wataalamu hawajakubaliana kama oksijeni peke yake inatosha kueleza yote haya. Kuna sponji za leo ambazo zimejaribiwa maabara zikaishi kwenye oksijeni asilimia chache tu ya kiwango cha sasa. Ni hoja nzuri. Msimamo wangu ni kwamba mnyama mdogo wa kukaa chini aliwezekana mapema, ila mnyama anayemfukuza mwenzake amle, huyo alisubiri hewa, na akishaingia mmoja tu wengine wote wanalazimika kuota magamba, kuchimba mashimo au kuona vizuri zaidi. Mbio zikishaanza haziitaji sababu nyingine.

Yanayofuata unayajua zaidi kwa hiyo nayapita haraka: mimea nchi kavu kama milioni 470 iliyopita, samaki wenye miguu kama Tiktaaliki milioni 375, misitu ya kipindi cha Kaboniferi iliyopandisha oksijeni mpaka kama asilimia 30 na kukawa na wadudu wa jamii ya kereng'ende wenye upana wa mabawa, ncha mpaka ncha, wa sentimita 65 na zaidi, vifo vikubwa vya milioni 252 wakati volkano za Siberia zilipomwaga lava na gesi, kimondo cha Chicxulub, Meksiko, kilichowamaliza dinosaria, milioni 66.

Nimalizie lile la pili, la bakteria kubaki bakteria. Mwanangu, hapo umefikiria uhai kama ngazi, kwamba kila mmoja anatakiwa apande. Hakuna ngazi, kuna matawi. Bakteria wa leo sio wale wa Pilbara, wamebadilika muda wote huu sawasawa na sisi, ila mabadiliko yao yapo kwenye kemia sio kwenye umbo: kuna wanaokula chuma, wanaovuta salfa badala ya oksijeni, wanaoishi kilomita chini ya ardhi, na wale waliokimbia oksijeni miaka bilioni 2.4 iliyopita uzao wao bado upo kwenye matope na kwenye utumbo wako, sehemu ambazo hewa haifiki. Na sio kweli kwamba wote walibaki peke yao. Sayanobakteria mmoja naye alimezwa na seli kama ilivyokuwa kwa mitokondria, akabaki hai ndani yake, akawa kloroplasti. Kachume jani lolote bichi uliangalie, ule ukijani wote ni uzao wake, mpaka leo anavunja maji kwa mwanga na kutupa oksijeni nje.